Sufuria za Mheshimiwa

Kinyozi alimwonyesha Runji video kwenye simu: watu wa Nairobi wakiandamana na sufuria kichwani. Kinyozi aliona hasira ya wananchi. Runji aliona alumini.

Bei ya unga ilikuwa imepanda na kusahau njia ya kushuka. Asubuhi hiyo, nyumbani kwao Manyatta, mkewe Kaari alikuwa amemwambia waziwazi: "Leo ukirudi bila unga, usirudi. Nimechoka kuolewa na maneno." Na Runji, msicheke, alimpenda mwanamke huyo kwelikweli. Kazi tu ndiyo hakuipenda.

Basi akavaa koti lake la kijivu, akaenda soko la Runyenjes, akasimama kando ya wauza ndizi akiwa na daftari mkononi.

"Wamama, hamjambo? Nimetumwa na mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?" akauliza Eunice, mwenyekiti wa chama cha wamama pale sokoni.

"Mama, siku hizi majina hayatajwi." Akashusha sauti. "Leo kuna maandamano Embu. Vijana wako na hasira lakini hawana sufuria. Kila sufuria mtatoa, kesho itarudi na pakiti mbili za unga ndani."

"Na mbona mwenye sufuria asivae mwenyewe?"

"Mama mtu mzima kama wewe? Moshi ya polisi ikuingie macho? Mheshimiwa anawaheshimu, bwana!"

Eunice hakuamini hata neno moja. Lakini pakiti mbili ni pakiti mbili, kwa hiyo akaleta sufuria mbili. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, ingawa sijui wakati wao unga ulikuwa bei gani.

Habari ikaruka. Kufikia saa sita bodaboda zilikuwa zikileta sufuria kutoka Kianjokoma, hata Manyatta. Kila jina likitajwa, Runji alichora mstari daftarini kwa heshima kubwa, bila kusikiliza. Zikawa ishirini na tatu. Chini ya kila moja palikuwa na alama ya rangi ya kucha, maana wamama huziwekea alama ili zisibadilishwe kwenye harusi na matanga. Runji alizitazama alama hizo kama mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria maishani, na ndivyo alivyokuwa.

Akakodi bodaboda, wakazifunga kwa kamba, wakashika njia ya Embu. Karibu na mji wakakuta vijana wameziba barabara kwa mawe.

"Mzae, umebeba nini?"

Runji alifungua mdomo adanganye, lakini kamba ilikuwa imeshakatwa.

"Wasee, huyu ametuletea helmeti!"

Wakajivika zile kumi na tano nzuri zaidi, wakambeba juujuu wakimwimbia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Runji alikuwa ametimiza ahadi, na ilimuuma sana.

Nane zilizobaki akazipeleka kwa Ndambiri, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Ndambiri akazigonga kwa nyundo moja baada ya nyingine, zikawa bapa. Moja ilikuwa na herufi K nyekundu.

"Barabara zimefungwa, lori haziendi Nairobi," Ndambiri akasema. "Bei ya alumini imelala."

"Na ya unga?"

"Hiyo haijalala tangu mwaka jana."

Mwenye bodaboda alidai nauli, kisha akadai na ya kuogopeshwa. Runji akabaki na bei ya pakiti moja tu. Hata hivyo aliinunua, akapanda mlima kwenda Manyatta kwa miguu akipiga mluzi. Mkewe hatamfukuza.

"Kaari! Weka maji, nimeleta unga!"

"Niweke kwa nini?"

"Si nimekwambia? Nimeleta unga!"

"Nauliza, niweke kwa nini? Kwa sufuria gani?" Kaari alikuwa amesimama mlangoni. "Ile moja tulikuwa nayo nilituma Runyenjes na bodaboda. Ati kuna mtu wa mheshimiwa anapeana unga. Iko na K ya rangi nyekundu, haiwezi potea."

Runji akaisikia tena ile nyundo ya Ndambiri.

"Mtu gani huyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Jina hatukuambiwa. Lakini mwenye boda amesema anajua kuongea sana, na amevaa koti ya kijivu."

Akaichukua pakiti mikononi mwa mumewe, akaiweka mezani taratibu. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Hiyo ni moja," akasema. "Tuliahidiwa mbili."