Malalamiko Dhidi ya Nyigu Asiye Mwanachama

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Uashi, ambaye pia ni shemeji yangu,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote mbili, ya cheo na ya undugu. Najua dada yako yuko kwako na watoto tangu wiki iliyopita, na upande wake umeshausikia. Naomba sasa usikie upande wa fundi.

Kisa ni hiki. Lipu ya jiko letu niliianza zamani kidogo, ikasimama kwenye ukuta wa kwanza kwa sababu za kitaalamu. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia hivyo dada yako tangu tukiwa wachumba. Basi akatokea nyigu, akaanza kujenga juu ya dirisha la jiko hilohilo. Mke wangu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akafungasha nguo zake. Alisema atarudi nikimaliza jiko, ila nikishindwa na mdudu nisijisumbue kumfuata. Shemeji, bila yeye nyumba hii imenizidi ukubwa. Kwa hiyo naomba chama kimwondoe nyigu mashindanoni, kwa sababu zifuatazo:

1. Si mwanachama. Hana timazi, hana pima maji, hana mwiko. Anafinyanga kwa taya na miguu ya mbele, na udongo anauchota chini ya pipa langu la maji bila hata hodi. Nilizungumza naye kiungwana, kwa ufagio, akanionyesha mwiba.

2. Maumbile yake si ya haki. Kifua kiko mbele, tumbo liko nyuma, katikati pana kiuno chembamba kama uzi. Hana mgongo wa kumuuma. Mimi nikisema wangu unauma naitwa mvivu.

3. Hasemi "kesho". Hili ndilo kubwa, Mwenyekiti. Analeta tonge la udongo, analibandika, anafuata jingine. Chumba kikiisha anaanza kingine ubavuni, na vyote vikiisha anavipaka lipu ya juu. Wateja wakimwona watajua kwamba nyumba huweza kwisha. Tutamwambia nani tena kwamba mchanga haujafika?

4. Ni mkatili kwa waliopumzika. Anawinda buibui. Akimchoma, buibui hafi, anapooza tu: yu mzima, laini, miguu haisogei. Anampakia chumbani pamoja na wenzake, anataga yai moja, anaziba mlango. Mtoto akianguliwa anakuta chakula hakijachacha. Mambo haya nilimweleza dada yako siku ile alipoondoka, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi vidoleni, akauliza mimi nilichomwa lini. Watoto walicheka, nami nikacheka kidogo.

5. Mumewe haonekani. Kazi yote anaifanya jike peke yake. Nilipofika hapo mke wangu aliwashika watoto mkono wakatoka, na mlango ulivyofungwa uliniuma kuliko mwiba.

Hivyo naomba nyigu huyu asimamishwe kazi mpaka jiko langu liishe. Akiwa mkaidi, aandikishwe chamani kama mwanafunzi wangu, ili kila anachomaliza kihesabiwe nimekimaliza mimi. Nikikataliwa yote, nitaomba chama kiwaite buibui watoe ushahidi, maana wako hai.

Nisalimie mama mkwe, mkeo na watoto wote, wako na wangu. Na mgeni wako mwambie kuku wake wananitazama vibaya.

Ni mimi, wako kwa saruji na kwa undugu,
Fundi, shemeji yako.

N.B. Naitoa tena barua kwenye bahasha. Dada yako alikuja kuchukua sufuria yake, akanikuta naandika sababu ya nne. Alipitiliza jikoni, nikadhani ameshaondoka. Sasa nimeingia jikoni kutafuta gundi ya bahasha, nimemkuta amekunja mikono ya gauni, amechanganya saruji, na lipu ya ukuta wa pili imefika juu ya dirisha. Kiota cha nyigu amekizunguka taratibu bila kukigusa. Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, nyigu abaki alipo. Mke wangu anasema nyigu hana wa kumshikia ndoo, lakini yeye anaye, kama ataamka. Ndiyo hivyo ananiita. Nimejaribu miguu, shemeji. Inasogea.