Ngazi ya Likembe ya Papa Alfani Isifutwe Ijumaa

Kabondo, Kisangani
Jumatano, mtoto akiwa amelala

Kwa Papa Carlos,
Msimamizi wa Wiki ya Ngazi za Muziki,
popote ulipo duniani.

Papa Carlos,

Ninakuita papa ingawa sijui umri wako. Mtu aliyepewa ruhusa ya kufuta kurasa za wenzake hawezi kuwa kijana, hata kidogo. Natumaini umeamka vizuri, na wa nyumbani kwako wameamka vizuri, na mtandao wa kwenu unapita. Wa kwetu umepita leo, ndiyo sababu naandika mbio mbio.

Mimi ni Safi, mama wa Nuru, mtoto wa miezi saba. Nilisoma mpaka ya pili sekondari, donc ukikuta kosa la maandishi unisamehe, lakini kosa la ngazi usilitafute kwangu, halimo. Baba mkwe wangu ni Papa Alfani, seremala. Anatengeneza milango, na watu wasipotaka milango anatengeneza likembe: kisanduku cha ubao chenye ndimi nane za chuma, alizozifua kutoka sipoki za baiskeli, zinazopigwa kwa vidole gumba. Likembe yake hailingani na kinanda cha kanisa wala cha mtu yeyote. Sauti zake zinaangukia katikati ya vitufe, pale ambapo kinanda hakina kitu.

Jirani yetu Odile, ninayemwita yaya kama dada mkubwa, anafundisha hesabu sekondari, naye ndiye aliyenionyesha wiki yenu, hiyo tovuti. Aliniambia watu wa dunia nzima wanaandika humo ngazi za sauti za namna hiyo, na kila mtu anaweza kuongeza ya kwao na kusahihisha ya mwenzake. Akaniazima kompyuta, na simu yenye programu inayosikiliza sauti na kutoa namba: sauti ikipanda, namba inapanda. Nikaandika ukurasa. Ni kitu cha kwanza nilichowahi kuandika kikasomwa na mtu nisiyemjua.

Mtu huyo ni wewe, na chini ya ukurasa umeandika kwa Kifaransa kizuri kwamba takwimu zangu hazilingani na ukurasa utafutwa Ijumaa. Alors, nakuletea malalamiko yangu kwa heshima na kwa namba, maana nimeona unapenda namba.

1. Sifuri. Kanuni yenu ya tatu inasema sauti ya chini kabisa iandikwe sifuri, na nyingine zote ziandikwe kwa umbali wake kutoka hapo. Kwenye likembe, sauti ya chini kabisa ni ulimi mrefu wa katikati, na ulimi huo Papa Alfani anauita mama. Papa Carlos, umeelewa unachotuomba? Kila wimbo unatoka kwa mama na kurudi kwa mama. Yaya Odile alipomsomea Papa kanuni hiyo, Papa aliweka randa chini akasema: "Sifuri? Na chakula tunakula kwa nani, Odile?" Kwa hiyo niliandika namba kama zilivyotoka kwenye simu, bila kumpunguzia mtu chochote. Huo ndio uaminifu, au kwenu unaitwaje?

2. Kupanga. Mnataka sauti zianze chini na kupanda moja moja. Za likembe hazipandi. Mama anakaa katikati, wa pili anakaa kushoto kwake, wa tatu kulia, wa nne kushoto tena, kama watoto wanavyokaa kuzunguka sahani ya lituma, ndizi za kuponda, kila mmoja mahali anapofikia. Hapo pia Papa alisema, na nanukuu: "Hii iko likembe, haiko échelle ya maçon." Ngazi ya mwashi ni ya kupandia, yetu ni ya kupigwa.

3. Majedwali matatu. Hapa ndipo uliponiumiza. Umeandika kwamba ngazi moja haiwezi kuwa na majedwali matatu, na kwamba aliyepima hakuwa makini. Mimi ndiye niliyepima. Nilipima mtoto akiwa mgongoni, amelala, mlango umefungwa, hata jogoo wa jirani nilimfukuza. Nuru alipokuwa na miezi miwili, mama alitoa 310 na wa kushoto 480. Miezi minne, 270 na 440. Miezi sita, 215 na 385. Na wengine wote sita walishuka hivyo hivyo.

Sababu ni wazi kwa mtu yeyote mwenye mtoto. Nuru analia alasiri. Mimi nambeba, Papa anaketi kwenye mbao zake anapiga likembe mpaka mtoto anyamaze. Na kila baada ya siku chache namwona anazisukuma ndimi kwa kinyundo kidogo, zote nane. Kwetu mkamwana hamuulizi baba mkwe wake kwa nini. Anatazama, na akili yake inafanya kazi. Yangu ilifanya. Nilichukua fiche ya Nuru, kadi yake ya kituo cha afya: kilo tano, kilo sita na nusu, kilo saba na gramu mia nane. Mtoto anapanda, likembe inashuka. Kilio cha mtoto mzito ni kizito, na Papa anaifuata. Ngazi haijakosewa, Papa Carlos. Ngazi imekula ikanenepa.

Kwa hiyo naomba kanuni yenu iongezwe safu moja: Uzito wa mtoto.

4. Kurasa nyingine. Niliomba safu hiyo kwa adabu, sikujibiwa wiki mbili. Bon, mtu asipojibiwa anaanza kazi mwenyewe ili wengine waone mfano. Nilianza na ukurasa wa piano. Niliuliza tu, kwa sentensi moja: "Piano hii ilitengenezewa mtoto gani, na alikuwa na kilo ngapi?" Mpaka leo hakuna anayejua, na mnasema sisi ndio tusioandika mambo vizuri. Kisha nikaweka safu kwenye kurasa kumi na sita nyingine. Ya kisiwa cha Java niliandika "haujulikani", maana sipendi kubuni. Ile ngazi yenye sauti thelathini na moja, pale ambapo sisi tunatosheka na nane, niliandika "pengine mapacha".

Ulinifungia mlango siku tatu na kuandika neno vandalisme. Neno hilo nililielewa bila msaada wa yaya Odile. Sikukasirika. Nilijiambia: huyu papa hajabeba mtoto siku nyingi.

5. Hilo ndilo lalamiko langu la tano. Naomba iwe kanuni kwamba msimamizi yeyote, kabla ya kufuta ukurasa wa ngazi, abebe mtoto anayelia kwa muda wa saa moja karibu na ngazi inayohusika. Mtoto akinyamaza, ukurasa unabaki. Asiponyamaza, mnajaribu na mtoto mwingine, maana wapo wenye kichwa kigumu.

Najua utasema huko kwenu watoto ni wachache. Njooni Kabondo. Tume yenu itafikia kwetu, mikeka ipo, na samaki wa wavuvi Wagenia nitawapika mwenyewe. Tayari nimezungumza na kina mama kwenye bomba la maji, na wamejiandikisha kumi na mmoja. Nimeweka orodha kwa uzito, kutoka kilo tatu. Mama Benie ndiye wa mwisho, mtoto wake ana kilo kumi na mbili na hajafikisha mwaka, anatamba nayo mpaka tumechoka: "Wenu wote iko majani. Wangu akilia, huyo Carlos atashusha wiki yote!" Na Fanny, ambaye bado ana mimba, ametaka kujua kama wa tumboni anaandikwa. Nimemwambia nitauliza. Anaandikwa?

6. Ijumaa. Hapa sina mzaha, ingawa hata huko juu sikuwa nao.

Papa Alfani ana miaka sabini na minane. Hakuna aliyejifunza kazi ya likembe kwake. Mume wangu anafanya kazi Ubundu, kwenye treni, na mikono yake inajua treni tu. Siku nilipomwonyesha Papa ule ukurasa, pale pa kubonyeza ili ndimi nane zisikike moja moja, alisikiliza zote, kisha akaigeuza kompyuta ya yaya Odile aangalie nyuma yake zimefungwa wapi. Kesho yake alivaa shati la kutokea. Na tangu hapo kila asubuhi, kabla hajashika randa, ananiuliza: "Safi, niko bado mule ndani?" Namjibu: "Uko, papa." Anaingia kazini.

Niambie, Papa Carlos. Jumamosi asubuhi nitamjibu nini? Kwamba alikuwamo, lakini hakulingana? Mimi ndiye niliyemwingiza humo, kwa mikono hii. Nuru akikua akauliza babu alipiga sauti gani, sitaki nimwonyeshe kisanduku chenye kutu nimwambie "jaribu". Nataka nimwonyeshe mahali palipoandikwa, penye namba, na jina la babu juu yake.

Ndiyo maana nakuomba: ukurasa ubaki na majedwali yake matatu, na uachiwe nafasi ya majedwali mengine, moja kila mwezi, mpaka Nuru atakapoacha kunyonya. Wa kwetu wananyonya miaka miwili. Si majedwali mengi.

Wasalimu mama wa nyumbani na watoto, na ukipata muda utuandikie kilo zao. Wasalimu wasimamizi wenzako wote, hata yule anayesahihisha nukta zangu bila kusema jina. Msalimu kwa namna ya pekee yule mwenye sauti thelathini na moja, mwambie namwonea huruma. Papa Alfani anakusalimu bila kujua ulichotaka kumfanyia. Nuru anakusalimu akiwa usingizini.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa matumaini ambayo hayajapungua,

Safi, mama wa Nuru
Kabondo

N.B. Papa Carlos, usisome huko juu kwanza. Au kama umeshasoma, soma na hapa.

Yaya Odile amekuja kuchukua kompyuta yake na kukutafsiria barua hii. Alipofika lalamiko la tatu alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu na nyuma ya fiche ya Nuru akafanya kama kanuni yenu ya tatu inavyosema. Alimwandika mama sifuri, akatoa. 480 toa 310. 440 toa 270. 385 toa 215. Mara tatu ikatoka 170. Akafanya ndimi zote, zikatoka sawa, jedwali kwa jedwali. "Safi," akasema, "weye ulipima vizuri kupita hata mimi. Hii iko ngazi moja tu. Inahama nyumba na vyombo vyake vyote."

Nilimwambia ndiyo, inahama kwa sababu ya kilo. Yeye si mkamwana wa mtu hapa, akatoka moja kwa moja kumuuliza Papa kwa nini anazisukuma. Nilisikia jibu kutoka jikoni.

"Mutoto? Mutoto analia tu, kilio haiko na fasi, pahali inasimama. Mie nafuata huyu mama yake. Anamuimbia mutoto bila kujua kama anaimba. Siku iko na nguvu, anaimba juu. Siku amechoka, anaimba chini. Sasa nimuache kule chini peke yake?"

Sikujua kama naimba, Papa Carlos.

Alors. Ukurasa umebaki na jedwali moja, linaanza na sifuri kama mnavyotaka, na linapanda kama échelle. Yaya Odile amelihakiki na kuweka jina lake chini ya langu. Sioni tena sababu ya kuufuta, na nadhani hata wewe huioni. Safu ya uzito nimeiondoa kwenye kurasa kumi na nne. Zile tatu nyingine nimezisahau, mkizikuta mzitoe. Kina mama sijawaambia bado. Mama Benie tayari amemvalisha mtoto soksi.

Nilitaka kuituma barua saa nane, lakini yaya Odile alimchukua Nuru kwa nguvu na kuniambia nilale. Nimelala saa mbili nzima mchana, jambo ambalo halijatokea tangu nijifungue. Nilipoamka nikambeba Nuru, na Papa akaketi kwenye mbao zake na kinyundo. Yaya Odile amepima: mama 340, wa kushoto 510.

Msiongeze jedwali.