Kompyuta Isiyo na Mdomo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Baridi. Vumbi. Umeme umerudi saa tatu. Nimefungua kibanda na kupanga CD za arusi kushoto, za vilio vya misiba kulia, kama kila siku kwa miaka kumi na sita. Kikula nzima, mtaa wetu hapa Likasi, inanijua: napiga picha, nafanya fotokopi, naweka sherehe za watu kwenye CD.

Kisha nimetazama ng'ambo ya barabara. Tshimanga ameleta mashine mpya kutoka Lubumbashi. Kompyuta za kubeba, nyembamba kama sahani. Mteja mmoja ameinua moja kwa vidole viwili na watu wamecheka kwa furaha. Nimevuka barabara. Si kwa wivu, kwa uchunguzi. Nimeizungusha mashine pande zote nne. Hakuna mdomo wa kuingizia CD. Nimemwuliza Tshimanga mdomo uko wapi.

“Papa Ruffin, ni nani bado iko na CD?”

“Weye mwenyewe. Arusi yako niliipiga picha minye.”

Amenijibu kwa heshima kwamba arusi yake aliihamishia kwenye simu zamani, na ile CD inafukuza ndege shambani kwa mama mkwe wake. Nimerudi kibandani bila kuaga.

Nimewaza mchana kutwa. Mtu akitaka nyumba yake iwe nyepesi, ataanza kwa kung'oa mlango? Maisha ya watu wa hapa yamo ndani ya CD: ubatizo, ndoa, mahubiri, sauti za marehemu. Mashine isiyoweza kuzisoma ni kama mgeni anayekaa kwako na hataki kujua jina la babu yako. Karibuni watu watajuta. Wakijuta, watamtafuta mtu. Mtu huyo lazima awe tayari.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Dereva mmoja amenipa habari: kule Kakanda kuna ofisi inaondoa kompyuta zake za zamani. Za kubeba, lakini nene, na zote zina midomo. Nimekwenda juu ya lori pamoja na baiskeli yangu. Mkuu wa ofisi hakutaka pesa. Ametaka baiskeli. Tumepeana mikono.

Nimerudi juu ya lori lilelile, kompyuta tano mapajani. Kila shimo la barabara nimelihisi mara tano.

Nyumbani nimezijaribu. Mbili haziwaki. Moja inawaka lakini mdomo umekataa kufunguka. Moja mdomo unafunguka wenyewe, unajifunga, unafunguka, kama mtu anayetaka kusema jambo mkutanoni. Ya tano ni nzima, ila betri imekufa, lazima ikae kwenye umeme. Hiyo nimeiita Mzee.

Mke wangu Claire ameuliza baiskeli iko wapi. Nimemweleza kwamba baiskeli moja imegeuka kuwa kompyuta tano. Amezihesabu, kisha ameuliza ni ipi kati ya hizo itakayompeleka sokoni.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku kubwa. Mama Eugénie amekuja na binti yake Jaël, anayeolewa Jumamosi hii. Jaël ameweka mezani kompyuta nyembamba, ile ya Tshimanga. Mama Eugénie amefungua kitambaa na ndani yake mna CD. Nimeutambua mwandiko wangu juu yake: arusi ya Tania, mwaka 2011. Tania ni binti yake mkubwa. Siku ile baba yao, Papa Édouard, aliwabariki binti zake wote wawili mbele ya watu. Mwaka uliofuata alifariki. Jaël wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Jaël anataka baraka ile isikike ukumbini Jumamosi. Kompyuta yake haina pa kuingiza CD, kwa hiyo ameomba nimhamishie kwenye flash.

Kazi ya dakika kumi. Mashine yangu ya mezani ilikuwa inawaka pale pale, mdomo wazi.

Lakini wazo limenijia. Nikiwapa flash, wataichomeka kwenye kile kisahani, na Tshimanga atakuwa ameshinda. Nikiichezesha CD yenyewe ukumbini, ndani ya Mzee, mbele ya watu mia mbili, Likasi yote itaona kwa macho yake kwa nini kompyuta inahitaji mdomo. Zile nne nyingine nitazipanga mlangoni kwa maonyesho.

Basi nimewaambia kwamba sauti ikipita kwenye flash inapungua. Inakuwa baridi. Nimewaambia nitakuja mwenyewe na mashine inayofaa.

Mama Eugénie ameniangalia kidogo. “Papa Ruffin, hii CD njo ya pekee. Hakuna ingine.”

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Amekifunga kitambaa kitupu na kukiweka ndani ya mkoba.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeisikiliza CD kwenye mashine ya mezani. Inasoma vizuri. Papa Édouard yumo, amevaa koti la kahawia, mikono yake mikubwa ya kiwandani haijui pa kukaa. Anambariki Tania. Kisha anamgeukia Jaël, anasema siku yake nayo itafika. Anamwambia mambo ya kawaida ya wazazi: umutii bwana yako, usichoke mapema, uamke mbele ya wengine. Mwisho anamwomba Mungu abaki na binti zake. Nyuma ya maneno yake kuna mtu anakohoa. Mtu huyo ni mimi, nimeshika kamera, mwembamba bado.

Papa Édouard alikuwa akinisalimu kila asubuhi akienda zamu. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyopanda mwishoni mwa sentensi, kama anauliza. Ubongo wangu uliitupa. Hiki kiduara cha plastiki kiliitunza. Ni nani aliyeamua kwamba mashine zisiwe na mahali pa kitu kama hiki, ili tu mtu aziinue kwa vidole viwili?

Claire alikuwa amesimama nyuma yangu, anafuta macho. Amesema kwa kuwa imefunguka, niihamishe sasa hivi, nakala moja tu, ya akiba. Nimemjibu kwamba nikitengeneza nakala nitakuwa nimekubali hoja ya Tshimanga. Ameuliza kama Papa Édouard alifariki kwa ajili ya hoja ya Tshimanga.

Nimetoka kutangaza. Nimewaambia watu wa kanisa, wauza unga wa sokoni, na fundi viatu: Jumamosi njooni mwone.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Lazima niandike hili polepole.

Asubuhi nimefanya mazoezi na Mzee. Ameimeza CD. Amenguruma. Picha imetokea, Papa Édouard amefungua kinywa, na umeme umekatika. Mzee amezimika. Mdomo umebaki umefungwa, CD ndani.

Nimebonyeza. Nimepiga kofi. Nimembembeleza. Mwisho nimechukua kisu cha kukwangulia samaki na nimeupanua mdomo kwa nguvu. CD imetoka ikilia. Ina mkwaruzo unaozunguka, mrefu, mweupe, kama njia ya treni.

Claire amekuja, ameinama, ameuliza kile kitundu kidogo pembeni ni cha nini. Amechomeka sindano. Mdomo umefunguka wenyewe, taratibu, bila ugomvi.

Umeme uliporudi nimeiweka CD kwenye mashine ya mezani. Imesoma mwanzo, imefika kwenye baraka, imeganda. Nimeisugua kwa dawa ya meno, kwa sababu zamani tulifanya hivyo. Imeganda mapema zaidi. Nimeisugua kwa ndizi mbivu. Haikusoma kabisa. Nimekaa chini sakafuni. Arusi kesho. Nimefikiria kusema CD ilizeeka. Nimefikiria kwenda kwa shangazi yangu kule Kambove na kukaa huko hadi mvua za Novemba. Kisha nimekumbuka kile kitambaa kitupu alichokifunga Mama Eugénie, kwa uangalifu uleule, kama bado kina kitu ndani.

Saa tisa nimevuka barabara.

Tshimanga hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nina jibu tayari, na hakucheka. Ameiosha CD kwa maji na sabuni kidogo, ameipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha kama nilivyofanya mimi. Kisha amefungua droo na kutoa kitu chembamba chenye waya. Mdomo. Mdomo peke yake, bila kompyuta. Ameuchomeka kwenye ubavu wa mashine yake nyembamba na ameiingiza CD humo.

Nimemwuliza kwa nini Jumatatu hakuniambia anacho.

“Uliuliza kama mashine iko na mudomo. Haukuuliza kama minye niko nao.”

Imechukua saa mbili. Tumekaa tukiangalia mstari wa kijani wa kuhamisha ukitambaa. Amesema kitu ambacho nakiandika hapa, japo kinaniuma: kwamba mtu hatembei kila siku na ngazi begani eti kwa sababu siku moja paa litavuja. Ngazi moja inatosha mtaa mzima, mradi watu wajue iko kwa nani.

Tumepata karibu yote. Baraka imepona, isipokuwa kipande katikati, sekunde kumi na mbili. Hapo ni kimya. Tshimanga ameweka yote kwenye flash na kunikabidhi mimi. Amesema nisitaje jina lake kama sitaki.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimekwenda ukumbini bila Mzee. Watu wameniuliza mashine iko wapi. Nimesema imechoka.

Chakula kilipokwisha, Jaël amefungua kompyuta yake na kuchomeka flash niliyompa. Sauti imejaa ukumbi. Si baridi hata kidogo. Papa Édouard amembariki Tania, na Tania, aliyekaa meza ya mbele na watoto wake, ameinamisha kichwa. Kisha sauti imesema: “Na weye Jaël, uko mudogo, lakini siku yako nayo itafika. Siku ile...”

Kimya.

Sekunde moja, mbili, tatu. Watu wameanza kutazamana. Mimi nimetazama viatu vyangu. Ndipo Mama Eugénie amesimama. Hakuomba maikrofoni.

“Siku ile,” amesema, “umuheshimu bwana yako, na yeye akuheshimu. Na kama hakuheshimu, rudia kwetu. Mulango ya kwetu haifungwake.”

Amekaa. Sauti ya mumewe imerudi: “Mungu abakie na beye bote mbili.” Kama vile walikuwa wamepanga.

Ukumbi umelipuka kwa makofi. Upande wa bwana arusi wamechelewa kidogo kupiga, kisha baba yake mwenyewe ameinuka na kupiga kuliko wote. Jaël alikuwa analia na kucheka pamoja.

Zaidi yake, ni mimi na Claire tu tuliojua. Tuliisikia CD Alhamisi. Papa Édouard hakusema maneno yale.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Baada ya ibada nimekwenda kwa Mama Eugénie. Nimempa CD yake na nimemwambia yote: uongo wa flash, kisu, Tshimanga na droo yake. Nilidhani atanifukuza. Ameinusa CD.

“Nilijua kuna mambo. Iko inanuka dawa ya meno. Na ndizi.”

Amekasirika, lakini kwa utulivu, na hilo ni baya zaidi. Amesema nilichukua sauti ya mumewe nikaifanya tangazo la biashara. Ndivyo ilivyokuwa. Nimeomba msamaha. Ameendelea kumenya mihogo, kisha amenisukumia kisu kingine, nami nimeanza kumenya pia.

Nilipokaribia kuondoka, nimeshindwa kujizuia. Nimemwambia kwamba yale maneno ya mlango hayakuwemo kwenye CD.

“Apana, hayakukuwa. Ile aliisemaka hapa nyumbani, ku meza hii. Siku ile hakukuwa kamera.”

Nimetembea hadi nyumbani polepole. Nimefikiri juu ya miaka kumi na sita ya kazi yangu. Nimeweka kwenye CD watu waliovaa vizuri wakisema mambo ya kawaida. Mambo yenyewe yalisemwa mezani, na hakuna mashine iliyokuwepo, nene wala nyembamba. Nimemweleza Claire. Amesema wiki hii nimeanza kuwa na akili.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Tshimanga amevuka barabara, yeye kwangu safari hii. Ameniazima ule mdomo wenye waya, unaosoma hata CD zilizokwaruzika. Amesema watu wana CD zinazooza majumbani, na anayeijua kila CD ya Kikula ni mimi. Nikae, nihamishe moja baada ya nyingine. Kazi ya miaka.

Nimeanza. Ubatizo wa mapacha, 2008. Kilio cha fundi seremala. Watu kumi na mmoja wamekuja kabla ya saa sita. Wengine wametazama hapo hapo, wamesimama, mikono mdomoni. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nimeamua: hakuna mipango tena.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Asubuhi mteja mmoja ametoa simu mpya mfukoni. Nimeizungusha pande zote nne. Haina kitundu cha kuchomekea waya wa masikioni. Nimemwuliza atasikilizaje. Ameonyesha vidude viwili vidogo visivyo na waya, kimoja tayari amekipoteza.

Sikio haliwezi kudanganywa hivyo. Karibuni watu watajuta.

Nimepiga simu Lubumbashi. Kuna mtu ana katoni sita za vipokea sauti vya masikioni vya waya, hakuna anayevitaka, yuko tayari kubadilishana kwa mashine ya fotokopi. Lori linaondoka saa nne. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanane, kila mmoja na CD yake ndani ya kitambaa. Nimewaambia warudi Alhamisi, na nimewaomba wawili wenye nguvu wanisaidie kuinua fotokopi.