Mkutano Usio na Meza Kuu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa Watanzania wa Dallas. Twalibu anajinadi kila kona. Kijana wa kompyuta huko Plano, suti inambana, akina mama wanamsifu. Mimi nimehamia hapa DeSoto yeye bado yuko shule ya msingi! Nikikosa mara hii tena, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Jioni mke wangu Prudensia karudi kazini na habari. Muuguzi mwenzake, mama Verna, ni Mkomanche. Watu wake na mataifa mengine ya wenyeji wa asili wa Marekani wanataka nyumba yao ya kitaifa mjini Washington, waiongoze wenyewe. Jumamosi wanakutana hapa Dallas kutoa maoni. Wanatafuta watu wa kujitolea kupanga viti.

Viti! Basi na meza kuu ipo. Nitakaa na viongozi, nitapigwa picha, Jumapili nitawaonyesha wapiga kura. Twalibu kwisha.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeonana na mama Verna. Kafurahi kupata msaidizi. Nikamuuliza meza kuu watakaa kina nani. Hakuelewa. Nikamfafanulia: meza ya mbele, kitambaa, maua, maji ya chupa kwa wakubwa. Akasema haitahitajika. Mnyenyekevu sana!

Prudensia anadai maana yake ni hapana. Mke wangu mambo makubwa hayajui. Nimenunua kitambaa cha dhahabu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hotuba tayari. Mwishoni naomba Watanzania tupewe chumba kimoja katika hiyo nyumba. Kidogo tu. Nikikipata, hata Twalibu atanipigia kura.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sielewi. Naandika hivyohivyo.

Nilifika wa kwanza. Nikapanga viti kwa mistari, meza kuu ikang'aa. Nikatoka kwenda kuvaa suti garini. Kurudi, viti vyote vimekuwa mduara! Meza yangu iko ukutani, imebeba birika la kahawa na maandazi yao.

Sasa mbele ni wapi? Nilizunguka mara mbili, sikupaona. Nikakaa. Nikasogeza kiti mbele kidogo ili nionekane. Jirani naye akasogea, labda akidhani ndio utaratibu. Na wa pili yake. Mwishowe wote tumesogea, magoti yanakaribia kugusana, na mimi sionekani zaidi ya mtu yeyote.

Kila mtu akazungumza kwa zamu. Bibi mmoja alisimulia tangu babu zake, na hakuna aliyemkatisha! Hakuna MC!

Zamu yangu nikasema itifaki imezingatiwa, nikaomba chumba. Mama Verna akaniuliza, kwa upole, kama nchi yangu ina nyumba Washington. Nikajibu ndiyo, ubalozi. Huo ubalozi una bendera? Unayo. Nani anauongoza? Sisi wenyewe, nikasema kwa fahari. Akasema nao wanaomba hilo tu, tena kwenye ardhi yao.

Niliona aibu. Aibu kweli. Kurasa zilizobaki nikazikunja.

Mwisho wakataka picha ya pamoja. Mpigaji nani? Mimi. Simo hata moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Uchaguzi. Picha sina. Twalibu kaja na tai nyekundu, kakaa katikati ya meza kuu kana kwamba kashashinda. Roho ikaniuma. Nikasimama, nikasema watu wa kisasa hukaa mduara, nimejifunza jana kwa viongozi wa mataifa. Ilikuwa hila tu ya kumng'oa pale.

Wakakubali! Viti vikapangwa, kila mtu akapewa zamu. Mama Kudra, ambaye miaka yote hukaa nyuma na kuondoka kimya, akasema alipofiwa na mumewe kamati ilimletea kadi na hakuna aliyerudi kumjulia hali. Watu walilia. Twalibu alilia. Mimi pia, kidogo. Zamu hazikuisha. Mzee Njoroge, Mkenya mtunza ukumbi, akatuzimia taa, uchaguzi ukasogezwa hadi wiki ijayo.

Njiani Prudensia alinishika mkono, akasema leo nimefanya jambo jema, afadhali niuache huo uenyekiti. Nilikuwa nawaza.

Mduara ni kitu kizuri sana. Kasoro yake nimeiona moja tu. Kesho naenda kutafuta kiti kikubwa, chenye mito, cha kuweka katikati.