Mama Mkwe Asipate Baridi

Jumanne, 5 Januari 2010
Mama mkwe amefika kutoka Bujumbura. Gaudiose, mke wangu, alikuwa hajamwona mama yake miaka mingi. Wamelia sana uwanja wa ndege, wote wawili. Atakaa kwetu hapa Spånga mpaka Pasaka, ila akishindwa na baridi atahamia Upplands Väsby kwa binti yake mwingine, Hortense. Yaani kwa Sixte, mumewe. Sixte ameshapiga simu kusema chumba kipo na kina joto. Nani alimwuliza?

Jumatano, 6 Januari
Mama hataki kupumzika. Tangu asubuhi yuko jikoni na maharage. Sufuria kubwa, moto mdogo, kutwa nzima, kama inavyotakiwa. Mchana nyumba imepoa. Boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, iko chini ya ngazi, kimya. Nimeipiga teke. Kimya. Gaudiose amesema tuite fundi. Nimemjibu leo huku ni sikukuu, na hata isingekuwa sikukuu, bisibisi ninayo.

Alhamisi, 7 Januari
Asubuhi nyumba ina joto! Teke limefanya kazi. Mama akabandika maharage. Kufika mchana, baridi tena. Nimefungua kitabu cha boila. Kinasema kwanza kabisa kagua themostati, kile kisanduku cha ukutani kinachopima joto na kuamuru boila iwake au izime. Yetu iko jikoni, pembeni ya jiko. Jikoni yupo mama mkwe anapika. Mkwe mwenye adabu zake ataingiaje? Nimeruka ukurasa huo.

Ijumaa, 8 Januari
Ukurasa wa pili: toa hewa kwenye vyuma vya joto, vile vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto. Nimetoa. Maji meusi yamenirukia usoni, yaliyobaki yakaishia kwenye zulia la Gaudiose. Baridi vilevile. Mama amevaa koti langu juu ya kitenge. Amesema hana neno. Namjua, ana neno. Gaudiose ameniambia chumbani kwamba mama yake akiondoka kwa sababu ya kiburi changu, hatanisamehe. Nimeogopa kidogo.

Jumapili, 10 Januari
Sixte na Hortense wamekuja baada ya ibada. Sixte amegusa chuma cha joto kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa kama daktari. Naye ni mkwe, jikoni hakuthubutu. Hortense ndiye aliyeingia, akatoka anacheka. Themostati inapigwa na mvuke wa maharage, akasema, inadhani nyumba nzima ina joto, basi inazima boila. Sixte amecheka mpaka akakohoa. Nimesema nilijua siku zote, ila niliheshimu jiko la Mama. Mama akauliza kwa upole kwa nini sikumtuma mke wangu amwambie asogeze sufuria. Aibu tupu. Lakini amekubali kubaki! Hortense amebandika namba ya fundi kwenye friji. Aihamishie themostati ukuta wa sebuleni, mbali na jiko, mbali na mlango.

Jumatatu, 11 Januari
Gaudiose na Mama wamekwenda dukani. Jikoni hamna mtu. Nimeihamisha mwenyewe. Sebuleni waya haukufika, nimeiweka penye mlango wa mbele, pale upepo unapopenya. Mvuke hauifikii ng'o.

Jumanne, 12 Januari
Boila haijazima tangu jana. Mishumaa ya Krismasi imepinda. Mama amevua koti, sweta, soksi, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Amesema hata Bujumbura hajawahi kuona joto la namna hii. Jioni Sixte amekuja kumchukua Mama na sanduku lake. Mama na Gaudiose wamekumbatiana mlangoni muda mrefu, mlango wazi, baridi ikiingia, boila ikinguruma. Gaudiose hasemi nami.

Lakini Mama ameahidi kuja kula Jumapili, na nyumba ikiwa sawa atarudi. Gaudiose ameshaloweka maharage. Mimi nimeshashika bisibisi. Kosa nimeliona: themostati inapigwa na baridi pale mlangoni. Nairudisha jikoni, kwenye joto. Fundi wa nini?