Kelele za Uwanja Usiokuwepo

Sukari, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya maneno yake, alichungulia nyuma ya geti la uwanja mpya akakuta majani matupu. Raia mwema angesikitika. Yeye alimeza mate. Kodi ya mji mzima, pamoja na fedha za bomba la maji la mtaa ule, ilikuwa imejenga geti, ukuta wa mbele na bomba moja la kumwagilia nyasi, basi. Geti zuri lakini, tusiseme uongo.

Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja.

"Mheshimiwa, nasikia mkaguzi anakuja kesho."

"Nani kakwambia?"

"Jasho lako. Feni inazunguka na wewe umelowa." Sukari akavuta kiti. "Wewe huna uwanja, mimi nina watu. Mkaguzi atakaa nje asikie mechi inachezwa ndani. Tutamwambia geti likifunguliwa mashabiki watamkanyaga."

Wakapeana mikono, na malipo ya awali yakaingia mfukoni mwa Sukari.

Watu aliwapata kwa shangazi yake, fundi cherehani, ambaye mtaa ulimsikiliza kuliko redio.

"Mje nyuma ya ukuta mpige kelele tu, shangazi. Soda juu yangu."

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Tutakuja, mwanangu. Na ndoo tuje nazo?"

"Za nini?"

"Si mashabiki wanapiga ngoma?"

Sukari alicheka. Mjanja akicheka kabla kazi haijaisha, mwombee.

Kesho yake mkaguzi aliketi kivulini, mbele ya geti, pamoja na mwenyekiti na wapiga picha wa magazeti. Sukari akapuliza filimbi. Kimya. Akapuliza tena, kunguru mmoja akaitikia.

"Mechi gani hii?" mkaguzi aliuliza.

"Wamesimama kumkumbuka marehemu, mheshimiwa." Akakimbilia upenyo wa geti. "Shangazi, unaniua!"

"Koo zimekauka, mwanangu. Pesa za bomba letu mmezila, maji tunanunua. Na hapa pana bomba la kumwagilia nyasi za uwanja. Nyasi zipi? Mwambie mkubwa wako afungue koki."

Sukari akamnong'oneza mwenyekiti, naye akaenda kwenye kona ya ukuta, akainama na suti yake, akafungua koki kwa mikono yake mwenyewe.

Maji yakaruka. Nyuma ya ukuta ndoo ziligongana, wazee wakapiga vigelegele, mtu akalia kwa sauti. Walikuwa wanafurahi kweli, na furaha ya kweli haina mfano. Kofia ya mkaguzi ilianguka.

"Nimekagua viwanja vingi," alisema, machozi yakimlengalenga, "sijasikia kitu kama hiki. Fainali itachezwa hapa, Jumamosi. Mkandarasi ni nani?"

"Huyu hapa," mwenyekiti alisema, akimkabidhi Sukari ufunguo wa geti mbele ya wapiga picha. "Kila tofali ni lake."

Sukari alichungulia tena nyuma ya geti: majani yale yale, na Jumamosi ni fainali. Mwosha huoshwa, jamani.

Shangazi alipita na ndoo kichwani.

"Hongera, mwanangu. Ukianza kujenga, bomba usiliguse."