Povu, Manyoya na Banda la Nyama

Jumatatu, 20 Novemba
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Bahati iliyoje! Mama Dulmaa, mwenye duka la buuz, vile vifungu vya unga vilivyojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, anataka kuta zake zivikwe kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Nikampendekezea mbao za povu jeupe, lile jepesi la kufungia runinga. Shemeji yangu Luvsan akadakia kwamba mahema ya mababu yalivikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, na hakuna aliyeganda. Mdomo huo! Mama Dulmaa akasema tumwonyeshe kufikia Alhamisi, mshindi apewe kazi. Lazima niipate. Sina kazi tangu Septemba, na mke wangu Narangua ameanza kunihesabia vikombe vya chai.

Jumanne, 21 Novemba
Nimepata pa kufanyia jaribio: banda letu la nyama! Dogo, halina dirisha. Nimelivika povu kote, nikaingiza jiko la makaa. Nyama yetu ya hadi machipuko imening'inia humo, nusu farasi na kondoo watatu. Haidhuru. Imeganda kama jiwe, na nimeifunika turubai.

Jumatano, 22 Novemba
Ushindi! Nyuzi ishirini na nne juu ya sifuri!
Kondoo wanachuruzika.
Nikatoa jiko. Joto likagoma kutoka, povu langu halina mchezo. Nikafungua mlango, wakaingia mbwa wa mtaa mzima. Narangua akapiga yowe: “Choijil! Nyama ya miezi mitano! Tutakula povu lako?” Nikaona aibu kweli.
Mama Dulmaa akaja, akacheka hadi akashika ukuta. Akaamuru nyama yote ikatwekatwe leo leo. Majirani kumi na wawili wamefinya buuz mpaka jioni, huku wakinitania. Sasa zimepangwa nje kwenye mbao, elfu mbili na zaidi, zinaganda vizuri. Nyama imepona.

Alhamisi, 23 Novemba
Kazi kapewa Luvsan! Mama Dulmaa amekiri povu linashika joto, ila hampi ukuta wake mtu asiyejua pa kuweka jiko. Luvsan anatamba kwamba manyoya yameshinda. Yameshinda wapi, wakati hayakujaribiwa?

Ijumaa, 24 Novemba
Haki itendeke. Luvsan kashinda dukani siku nzima. Manyoya yaliyobaki kayaacha kwetu, na ufunguo wa banda lake la nyama uko kwenye msumari wetu. Banda la ukubwa uleule! Nimelivika manyoya hayo, jiko linawaka.
Safari hii nimeifunika nyama yake turubai mbili.